Njugu Ishirini kwa Kila Mlango

Kiwandani walianza kuniita daktari miaka mitatu na ushei kabla sijawa daktari, na wengine walinichukulia hivyo kabisa. Wiki yangu ya kwanza, mama mmoja wa meza ya kuchambua alinifuata mpaka kwenye dawati langu, akapandisha sketi kidogo, akanionyesha goti. Nikamwambia, "Mama, mimi ni daktari wa njugu." Na hata wa njugu nilikuwa sijawa. Akanitazama kwa huruma, akashusha sketi, akasema basi angalau niliombee. Nikaliombea goti pale pale, mashine ya kupasulia ikinguruma, kwa sababu sikujua ningefanya nini kingine.

Nimefanya kazi sehemu tatu tangu wakati ule, na moja ina kantini yenye sofa. Lakini nikikaa kimya, moyo hurudi Thika. Hurudi kwenye harufu ya makadamia, njugu za mtini zenye ganda gumu, zikikaangwa asubuhi, moshi wa boila ukiwa umechanganyika humo humo, na upepo ukigeuka unaletewa nanasi kutoka mashambani. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Ruiru, ghorofa ya tatu, maji mara mbili kwa wiki, na nilijiona nimefika.

Nilikuwa nasomea shahada ya uzamifu, ila si ndani ya chuo. Kulikuwa na mpango wa kuwapeleka wahandisi na wanasayansi wachanga viwandani wafanye utafiti wao huko huko. Chuo kinakupa msimamizi. Kiwanda kinakupa aproni, neti ya nywele na tatizo. Tatizo langu lilikuwa kukausha. Makadamia zikitoka kwa mkulima huwa na maji mengi ndani, kwa hivyo humwagwa kwenye silo kubwa za bati na kupulizwa hewa ya moto kutoka chini, wiki kadhaa. Ukizipasua mapema, kiini kinang'ang'ania ganda na kuvunjika. Ukizidisha moto, kinaungua katikati, kinakuwa rangi ya chai, na mnunuzi hataki kukiona. Kazi yangu ilikuwa kuandika programu ya kompyuta ya kuwaambia kila siku waweke moto kiasi gani na wasimamishe lini.

Nikifaulu, nimepata shahada. Nikifika kikao cha mwisho wa mwaka wa pili bila matokeo, mkataba unafungwa na narudi nyumbani Murera kumweleza mama yangu. Na mama yangu alikuwa ameshatangazia kanisa zima. Kitu kimoja tu hakikumwingia akilini. "Miaka mitatu unasomea njugu? Haiya! Si mimi niko na miti minne hapo nyuma, ungeniuliza tu."

Aliyekuwa akitunza silo zamu ya asubuhi alikuwa mama mmoja wa makamo kutoka upande wa magharibi. Alikuja Thika akiwa bibi arusi, akimfuata mumewe aliyekuwa na kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mume alifariki, kiwanda kile kikafungwa, yeye akabaki. Alikaa mtaa wa Kiganjo, aliimba kwaya, na kwa miaka mingi alikuwa kibarua wa mkataba wa mwezi mmoja mmoja. Wote tulimwita Mama wa Silo. Katika kiwanda chote, yeye peke yake alikataa kuniita daktari. "Daktari ni akimaliza," aliwaambia wenzake. "Saa hii ni mtoto tu." Mimi aliniita mwanangu.

Ndiye aliyenifundisha kutikisa. Njugu mbichi imeshikana na ganda lake, haisemi kitu. Ikikauka, kiini kinasinyaa, kinaachana na ganda, na ukiitikisa kando ya sikio inagonga ndani, ko ko ko. Nilikuwa na oveni ya kupimia maji, mizani ya kupima hata chembe ya vumbi, na kompyuta. Yeye alikuwa na sikio. Alichota njugu, akaitikisa, akasema "bado siku mbili," akairudisha. Nami nilicheka, nikamwambia Mama, hiyo haiandikiki kwenye kitabu. Naye akacheka, akaniambia basi kitabu kina shida.

Silo zilikuwa nane, na kila moja ina milango mitatu midogo: juu, katikati na chini. Nilihitaji sampuli kutoka kila mlango saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya moto kubadilishwa, na mimi kutoka Ruiru nilikuwa nafika saa mbili. Kwa hivyo nikamwomba yeye. Nilimpa mifuko ya plastiki ya kufunga kwa kubana, nikampa kalamu ya wino mzito, nikamwambia: "Mama, nitolee njugu ishirini kwa kila mlango, utie kwenye mfuko, uandike nambari ya silo na mlango."

"Basi?"

"Basi tu."

"Hiyo kazi ndogo, mwanangu. Wewe lala."

Na kweli, kila asubuhi nilizikuta mezani zimepangwa mstari, mwandiko mkubwa ulionyooka, njugu ishirini bila kupungua wala kuzidi. Ninazipima, naandika, halafu napita kwenye silo kumshukuru. "Mama, leo ziko poa sana." Alikuwa akifurahi mpaka anaona aibu, anajifanya kufagia. Nilimsifu hivyo karibu kila siku kwa msimu mzima, na nikikumbuka nasikia joto masikioni mpaka leo.

Saa saba tulikula pamoja, mimi na yeye, juu ya magunia. Akija na kiazi kitamu, alikivunja katikati, akanipa upande ulioiva vizuri. Siku ya Pasaka alileta paja la kuku kwenye bakuli kutoka Kiganjo, limefunikwa kwa kitambaa, na yeye mwenyewe akala shingo. Nikikataa ananiambia, "Kula! Unapima njugu kila siku, wewe mwenyewe ukiwekwa kwenye mizani hakuna kitu." Jumapili moja baada ya kanisa alinichukua pamoja na wenzake wa kwaya tukaenda Chania kuona maporomoko. Tulisimama nje ya hoteli ya zamani iliyo pale juu, wakabishana kama soda ya mle ndani ina sukari tofauti na ya dukani hata iuzwe bei ile. Halafu tukashuka zetu kwenye mawe tukala mandazi, na maji yakaturushia mvuke usoni. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya bure namna ile tena.

Na matokeo yalikuwa mazuri! Mazuri kupita kiasi. Nilipochora grafu, nukta zote zilikaa kwenye mstari, juu, katikati na chini ya silo zikikauka sawasawa. Msimamizi wangu wa chuo alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Data safi namna hii mimi sijawahi kuona," akasema. Mwanasayansi mwenye akili timamu angeshtuka hapo. Mimi nilitoka nje nikampigia mama yangu simu.

Msimu ulipokaribia kuisha, meneja wa uzalishaji alinikabidhi silo ya sita. Nikaiendesha kwa programu yangu peke yake. Kompyuta iliposema zimekauka, tukazipitisha kwenye mashine ya kupasulia, nami nimesimama pale na aproni yangu safi, tayari kupongezwa. Aibu niliyoipata hapo! Kutoka juu ya silo zilishuka njugu mbichi, viini vimeng'ang'ania maganda, nyingine zimeota ukungu. Kutoka chini zikaja za rangi ya chai. Akina mama wa meza ya kuchambua wakaanza kuzitenga. Meneja alichukua moja, akainusa, akairudisha.

"Kikao chako ni lini?" akauliza.

"Baada ya wiki tano."

"Haya," akasema, akaenda zake. Afadhali angenigombeza.

Nilikagua oveni. Nikakagua mizani, nikakagua feni, nikasoma programu yangu mstari kwa mstari mpaka macho yakauma. Kila kitu kilikuwa sawa. Ndipo nikaamua Jumanne moja nifike mapema, niangalie feni zinavyowashwa asubuhi, na saa kumi na mbili kasoro nikawa nazunguka nyuma ya silo ya tatu.

Mama wa Silo alikuwa ameketi juu ya ndoo kwenye jukwaa la mlango wa juu, karai imejaa njugu mapajani. Mfuko wangu ulikuwa wazi kando yake. Alichukua njugu, akaitikisa sikioni, akaitupa ndani ya silo. Akachukua nyingine, akaitikisa, akaigeuza kuangalia ganda, akaitupa. Ya tatu ikagonga vizuri, akaipangusa kwa kona ya aproni, akaitia kwenye mfuko wangu. Alikuwa akiimba polepole. Nilisimama pale nikamtazama akijaza ishirini.

"Mama, unafanya nini?"

Akageuka akitabasamu. "Haiya, umeamka! Nakuchagulia."

Sasa, mimi nina hasira za haraka. Nimezirithi kwa shangazi yangu, na yeye hajui alizirithi kwa nani. Kilichotoka kinywani sikukipima kwa mizani yoyote. "Kunichagulia? Mama! Nani alikuambia uchague? Mwaka mzima umeniharibia! Mwaka mzima, unasikia? Miezi yote hiyo nimekuwa napima uongo!"

Nilipiga kelele mpaka akina mama waliokuwa wakivaa neti kule mbele wakageuka wote. Yeye hakupandisha sauti hata kidogo.

"Na nani aliniambia nisichague?" akauliza.

Akaniangalia, kisha akaanza kunieleza taratibu, jinsi unavyomweleza mtoto mwenye homa. Kwamba yeye alijua njugu zile naenda kuwaonyesha walimu wangu chuoni. Kwamba aliona si vizuri mtoto wa watu asimame mbele ya wakubwa na njugu za kuoza, wamcheke. "Halafu mtu akikuomba njugu ishirini, unampaje mbaya? Wewe kwenu mgeni akija mnampa shingo ya kuku?"

Akavua glavu zake, akaziweka juu ya karai, akaondoka kwenda kunawa. Nami nikaenda nyuma ya stoo ya spea nikalia kama mjinga. Wakati ule nilijililia mwenyewe tu. Nililia mwaka wangu, na shahada yangu, na mama yangu mbele ya kanisa lake. Mama wa Silo nilikuwa bado nina hasira naye, na nasema ukweli ulivyo.

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha juu, mimi nikiwa upande mmoja wa meza, meneja na msimamizi wangu na wakubwa wawili upande wa pili. Nikaeleza kwamba sampuli za msimu wa kwanza zilikuwa zimechaguliwa, kwa hivyo grafu zote nzuri hazikuwa picha ya silo. Meneja akauliza, "Sampuli alikuwa anazitoa nani?"

Jina lake lilikuwa kwenye ulimi. Na nilijua nikilitamka mle ndani, kibarua wa mwezi mmoja mmoja hataona mkataba mwingine. Nilijua pia kwamba nikilitamka, mimi nitaonekana mtu aliyeharibiwa kazi, si mtu aliyeiharibu. Nilinyamaza muda mrefu kuliko inavyostahili. Msinisifu, nilikuwa napiga hesabu. Halafu nikasikia lile swali lake tena, nani aliniambia nisichague, na nikaona jibu lake ni moja tu.

"Aliyepanga utoaji wa sampuli ni mimi," nikasema. "Sikueleza inavyotakiwa."

Walinipa msimu mmoja. Meneja alisema wazi kwamba nikishindwa hakuna mwingine, na msimamizi wangu hakunitazama tulipokuwa tukishuka ngazi.

Nilimwendea Mama wa Silo siku hiyo hiyo na mkate na sukari, nikamwomba msamaha. Nilisema yote niliyokuwa nimepanga kusema. Akanisikiliza, akapokea mkate kwa mikono miwili.

"Hakuna shida, daktari," akasema.

Daktari! Afadhali angenizaba kofi.

Basi tukaanza upya. Nikamweleza kwamba nahitaji njugu zilivyo: uchote bila kuangalia, bila kutikisa, hata iliyooza utie. Alielewa mara moja. Kuelewa halikuwa tatizo lake hata siku moja. Sasa nilikuwa nalala karibu na kiwanda, kwa rafiki, ili nifike saa kumi na mbili, na nilimwona akifanya. Aligeuza uso ukutani, akatumbukiza mkono kwenye mlango, akahesabu kwa sauti mpaka ishirini. Ikishikwa iliyooza, mdomo wake ulikuwa ukikunjamana, lakini aliitia. Mwandiko ulikuwa ule ule. Mifuko ilipangwa mstari ule ule.

Data ikawa mbaya ajabu, nukta zimetawanyika kila mahali, na zote za kweli. Zilinionyesha kwamba juu ya silo kulikuwa na unyevu wakati chini kunaungua, kwa hivyo hewa ilibidi igeuzwe, ipulizwe zamu kutoka juu na zamu kutoka chini. Niliandika programu upya. Silo ya sita ilipopasuliwa mara ya pili, viini vilishuka vizima, vyeupe, na yule mama wa goti akaanzisha wimbo mezani. Hata data ya msimu wa kwanza sikuitupa. Niliirudia nikaona ilikuwa imepima kitu, ila si silo. Ilikuwa imepima sikio la mama yule, na sikio lile halikukosea hata kwa tofauti ambayo mizani yangu ingeweza kuonyesha. Hiyo iko kwenye tasnifu yangu, nyuma kabisa, kurasa mbili.

Lakini saa saba alikula upande wa pili, na wenzake. Alinisalimia kila asubuhi, habari ya asubuhi daktari, nzuri Mama, na kiazi hakuja kuvunja tena mbele yangu. Alichokuwa akinipa zamani alinipa kwa sababu nilikuwa mtoto wake na mgeni wake. Nilimwambia aache kunichagulia, na mama wa watu akaacha kila kitu. Nilipata data ya kweli, nikakosa kiazi. Msimu ule wote nilikula chapati madondo, maharagwe ya kuchemsha, kwenye kibanda cha nje, nikaambiwa nimenenepa, na sikusikia utamu wowote.

Nilitetea tasnifu yangu nikapita. Wiki iliyofuata nilirudi kiwandani kurudisha aproni na kuaga. Akina mama walipiga vigelegele, daktari, daktari kamili sasa, na yule wa goti akanikumbusha kwamba goti bado. Nilimtafuta Mama wa Silo kwa macho, sikumwona. Nikaambiwa alikuwa ofisini kwa meneja. Nikaogopa, nikafikiri labda mkataba umekwisha.

Alinikuta nikiwa nafunga dawati. Mkononi alikuwa na mmoja wa mifuko yangu, na karatasi ya kutokea getini, maana kiwandani mle hakuna njugu iliyowahi kutoka bila karatasi yenye sahihi. Alikuwa amepanda ofisini kuiomba mwenyewe. Mfukoni mlikuwa na njugu ishirini. Zote zilikuwa zimepanguswa zikang'aa, kubwa, hakuna hata moja yenye doa. Mahali pa kuandika nambari ya silo na mlango alikuwa ameandika kwa mwandiko wake mkubwa: ZA KULA.

"Hizi usipime," akaniambia. "Nimekuchagulia, mwanangu."

Nilimkumbatia na aproni yake na vumbi lake, naye akanipigapiga mgongoni, akasema basi, basi, wataona daktari analia.

Getini mlinzi alisoma karatasi, akafungua mfuko, akazihesabu mara mbili kama kazi yake inavyotaka. Akaniangalia uso wangu ulivyolowa.

"Daktari, hizi ni sampuli?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimepewa."